Pawasaplai ya Dell kwenye kasha la mbao: kata waya, boksi liache

Swali: Shikamoo fundi. Niko Mafinga, kazi yangu ni kuhariri video za harusi na kwaya. Nimepata madabodi ndogo ya Mini-ITX yenye prosesa ya Core i5-8400, na nina kadi ya grafiki ya GTX 1650. Nataka viingie kwenye kasha dogo ninalolitengeneza mwenyewe kwa mbao za paini. Pawasaplai nimeitoa kwenye Dell OptiPlex 9020, ile nyembamba, imeandikwa wati 255. Plagi yake ina pini 8, madabodi yangu inataka 24. Mtandaoni nimeona kebo ya kubadili pini 24 kwenda 8, nadhani nikiigeuza itafaa. Halafu nataka kuitoa ile bodi ya ndani kwenye boksi lake la chuma ili ikae vizuri, nirefushe waya na nipunguze kelele ya feni. Inawezekana?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kebo ya kugeuza, hapana. Kutoa bodi ya ndani kwenye boksi, hapana kabisa. Kurefusha waya, ndiyo, tena ndiyo kazi yenyewe. Feni tutaifikia. Pawasaplai uliyonayo ni nzuri kuliko nyingi mpya za bei ndogo zinazouzwa huku kwetu, kwa hiyo wazo lako la kuitumia nalikubali. Ninachokipinga ni upande unaotaka kuushika. Pawasaplai ya namna hii hubadilishwa kuanzia pale waya zinapotoka nje ya boksi. Ndani ya boksi mwachie aliyeitengeneza.

Nianze na kebo, maana hiyo ndiyo ingekuunguzia vitu vyote kwa siku moja. Kebo uliyoiona ilitengenezwa kwa safari ya upande mwingine: mtu ana madabodi ya Dell na pawasaplai ya kawaida, anataka viongee. Wewe una kinyume chake, na kinyume hakipatikani kwa kugeuza plagi. Pawasaplai ya kawaida ya ATX hutoa volti 3.3 kwenye waya za rangi ya chungwa, volti 5 kwenye nyekundu na volti 12 kwenye njano. Ya kwako haina 3.3 wala 5. Kwenye mashine za kizazi hicho Dell walihamishia kazi ya kushusha volti kwenye madabodi yenyewe. Ndiyo maana hata umeme wa diski ulikuwa unachomekwa kwenye madabodi na si kwenye pawasaplai. Waya nene zinazotoka kwenye boksi lako, ukiacha nyeusi za ardhi, yaani za kurudishia umeme, zote ni volti 12. Ukizilazimisha kwenye plagi ya pini 24 bila kitu katikati, ama madabodi haitawaka kabisa, ama volti 12 itaingia mahali pa volti 5, na hapo SSD na kila kilichochomekwa kwenye USB umekiaga.

Wala hili si kasoro ya Dell. Mwaka 2020 Intel walitoa mwongozo wa ATX12VO wenye wazo hilohilo, pawasaplai itoe volti 12 tu na madabodi ijishushie yenyewe. Kwako wewe ni faida, kwa sababu volti 12 safi na imara ndiyo malighafi inayotakiwa na bodi ndogo za kushusha volti, zile za aina ya picoPSU. Bodi hiyo ni kitu cha ukubwa wa vidole viwili, inakaa juu ya plagi ya pini 24, inapokea volti 12 na kutengeneza 5 na 3.3. Tafuta hiyo. Ulizia Dar es Salaam kwa wanaouza vitu vya kompyuta ndogo, na mzigo wenyewe ni mwepesi, basi linakuletea.

Kabla hujalipa, tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi huchemsha. Prosesa yako imeandikwa wati 65, lakini ikibanwa kwenye kutoa video inaweza kupita hapo, kwa hiyo mimi naihesabia 100. GTX 1650 isiyo na plagi yake ya umeme hunyonya kila kitu kupitia slota, na slota ya PCI Express mwisho wake ni wati 75. Angalia vizuri kadi yako, maana kuna matoleo ya 1650 yenye plagi ya pini 6. Madabodi, ram, SSD na feni tuvipe wati 30. Jumla ni 205 kwenye pawasaplai ya 255. Inatosha, na inabaki nafasi ya kupumua.

Pawasaplai inatosha, lakini ile bodi ndogo haitoshi. Bodi hizi haziitengenezi volti 12, zinaipitisha tu kama ilivyoingia, na njia hiyo ni nyembamba. Ile ya wati 160 inapitisha ampea 8 hivi kwenye volti 12. Kadi yako kupitia slota inaruhusiwa kuchukua hadi ampea 5.5 za volti 12. Ukiongeza na prosesa ya wati 100, ambayo ni ampea 8 na zaidi, umekwisha kuvuka. Bodi itapata moto, na kwenye kasha la paini sipendi hata kuliwaza neno hilo.

Kwa hiyo prosesa isipite kwenye bodi ndogo. Pawasaplai yako ina plagi ya pini 4 ya prosesa. Hiyo ichomeke moja kwa moja kwenye madabodi. Kama soketi ya madabodi ina matundu 8, plagi ya 4 inaingia upande mmoja na kwa prosesa ya wati 65 hakuna tatizo. Pima kwanza kwa mita: waya mbili za upande mmoja ziwe volti 12, mbili za upande wa pili ziwe ardhi, na zilingane na mpangilio wa madabodi yako. Zile waya nene za plagi ya pini 8 ndizo ziende kulisha bodi ndogo. Ukiona lebo imegawa volti 12 mafungu mawili, A na B, ujue kila fungu lina kikomo chake. Usiyaunganishe. Moja liende kwa prosesa, lingine kwa bodi.

Sasa namna ya kuiwasha. Pawasaplai ikiwa imechomekwa ukutani lakini kompyuta imezimwa, haijalala usingizi mzito. Inatoa umeme kidogo wa kusubiri kwenye waya mmoja, na inangoja waya mwingine, wa kuwashia, ushushwe hadi ardhi. Kwenye ATX ya kawaida umeme wa kusubiri ni volti 5 kwenye waya wa zambarau, na wa kuwashia ni wa kijani. Kwenye pawasaplai za kampuni za kompyuta, rangi na volti hizo hubadilika. Zipo zinazosubiri kwa volti 12, zipo za 11, zipo za 5. Ndiyo maana sikupi mchoro wa pini, na ule wa mtandaoni usiuamini mpaka mita yako ikubali.

Kuzitambua si kazi ngumu. Chomeka pawasaplai ukutani ikiwa peke yake, bila chochote mbele. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye waya mweusi, nyekundu ipitishe pini moja baada ya nyingine. Pini yenye volti ileile iliyoandikwa kwenye lebo kuwa ya kusubiri, ndiyo hiyo. Wa kuwashia mara nyingi utaonyesha volti kati ya 3 na 5. Ukishauhisi, usiuguse ardhi kwa waya mtupu. Tumia rezista ya ohm 470 kati yake na waya mweusi. Ukiwa umepatia, feni itazunguka na waya nene zitapanda hadi volti 12. Ukiwa umekosea, kinachopita kwenye rezista ni umeme mdogo sana na hakuna kinachoungua. Rezista hiyo hata elfu moja haifiki, na imeokoa pawasaplai nyingi kuliko fyuzi.

Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuufunga waya wa kuwashia kwenye ardhi moja kwa moja. Pawasaplai inakuwa inawaka muda wote ikichomekwa ukutani, bodi ndogo inajitengenezea volti 5 za kusubiri, na kitufe cha kasha kinafanya kazi kama kawaida. Ni rahisi. Lakini feni haitapumzika, umeme wa LUKU unakwenda usiku kucha, na prosesa inakuwa na volti 12 mlangoni wakati madabodi imezimwa. Madabodi nyingi huvumilia. Mimi siipendi.

Ya pili inataka uvumilivu wa saa moja zaidi. Nunua kebo ya kurefusha ya pini 24, ikae kati ya bodi ndogo na madabodi, kisha kata waya mbili tu: zambarau na kijani. Kijani cha upande wa madabodi kiunge na waya wa kuwashia wa pawasaplai. Kijani cha upande wa bodi ndogo kiunge na mweusi, ili bodi iwake papo hapo inapopata volti 12. Zambarau ya upande wa bodi ndogo izibe vizuri, haina kazi tena. Zambarau ya upande wa madabodi ndiyo inayotakiwa kupata volti 5 za kusubiri. Kama pawasaplai yako inasubiri kwa volti 12 au 11, weka katikati kijibodi cha kushusha volti cha LM2596, kile wanachotumia wanafunzi wa vyuo kwenye miradi yao. Kinabeba hadi ampea 3, japo kikomo chako halisi ni ampea zilizoandikwa kwenye lebo ya pawasaplai. Kirekebishe kitoe volti 5 kabla hujakiunga na chochote, kisha tone la rangi ya kucha kwenye skrubu yake ili isijizungushe. Weusi wote waungane. Ule waya wa kijivu wa kebo usiuguse. Ndio unaoiambia madabodi kwamba volti zimetulia na inaweza kuanza. Na ule wa pawasaplai wenye kazi hiyohiyo uzibe, bodi ndogo inatoa wa kwake.

Ukifanya hivyo, ukibonyeza kitufe, madabodi inaiamsha Dell, Dell inailisha bodi ndogo na prosesa kwa wakati mmoja. Ukizima, vyote vinazima.

Kwa waya za kurefusha, nunua waya wa nyuzi nyingi wa milimita mraba 1.5, wa shaba kweli. Kwenye maduka ya spika na redio za magari kuna waya mnene wa kupendeza ambao ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, mrudishie. Unapitisha umeme mdogo zaidi kwa unene uleule, na lehemu haishiki vizuri kwenye aluminiamu. Ukiwa na shaba ya 1.5, sentimita 30 kwenda na 30 kurudi kwa ampea 10 unapoteza chini ya volti 0.1. Ukitumia waya mwembamba wa kengele wa 0.5, unapoteza volti 0.2 na joto la wati 2 limelala ndani ya kifungu cha waya. Maungio yatie lehemu, uyavishe mrija unaosinyaa kwa moto, na usiyapange yote mahali pamoja. Mmoja ungia juu, mwingine sentimita mbili chini. Utepe mweusi wa umeme peke yake hapana, gundi yake hulainika kwa joto na baada ya miezi unajifungua wenyewe.

Kwenye waya wa volti 12 unaokwenda kwenye bodi ndogo, weka fyuzi ya gari ya ampea 10 na kishikio chake. Duka lolote la spea lina vyote viwili.

Sasa boksi. Najua kwa nini unataka kulivua. Ni refu, na kasha lako ni dogo. Sikiliza. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa unakuwa kama volti 325, na pawasaplai yenye saketi ya kurekebisha mkondo kama hiyo yako huupandisha hadi karibu 390. Kapasita kubwa la ndani linabaki na umeme huo baada ya kuchomoa, na muda linaotumia kuisha unategemea saketi na hali ya saketi. Mkono mmoja ukigusa hapo na mwingine ukiwa kwenye chuma, moyo uko katikati. Lakini hata ukifaulu kuitoa salama, bado umeiharibu. Boksi lile ndilo linaloelekeza upepo wa feni upite kwenye vipoozeo, ndilo linalozuia kelele za mawimbi zisiingie kwenye maikrofoni na redio yako, na skrubu za pembeni za bodi ndizo zinazoiunganisha na ethi, ule waya wa usalama wa soketi ya ukutani. Ukiziacha, umeipoteza ethi bila kujua.

Na ethi kwenye kasha la mbao ni jambo la kulikalia kitako. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo zinazounganisha waya za umeme wa ukutani na chuma cha boksi ili kumeza mawimbi. Ethi ikiwepo, husikii kitu. Isipokuwepo, chuma hicho kinaelea kwenye volti 100 na kitu, na ndiyo ule mtekenyo unaousikia ukigusa nyuma ya kompyuta miguu ikiwa peku. Umeme wake ni mdogo, lakini unapita pia kwenye kebo ya HDMI na ya kinasa sauti unapochomeka, na milango ya vifaa hufa hivyo. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la juu halina waya nyuma yake. Pima volti kati ya laini na ethi. Isipokaribia ile ya laini na nyutro, huna ethi. Ikikaribia pia haijathibitika, kwa sababu mita inatosheka hata na muungano dhaifu, kwa hiyo mwite fundi umeme mwenye kipimo cha ethi aangalie na fimbo iliyozikwa.

Paini lako la Sao Hill ni zuri kwa macho na linachongeka, lakini lina utomvu na linashika moto haraka. Chumba cha pawasaplai kivishe bati ndani, lile la kuezekea la geji 28 linakatika kwa mkasi, na likaze kwa skrubu ligusane na boksi ili nalo lipate ethi. Usiache ncha kali mahali waya zinapopita. Acha nafasi ya sentimita moja kati ya bati na mbao. Boksi likiwa refu mno, ongeza urefu wa kasha. Mbao ni rahisi.

Feni nimeiacha mwisho kwa makusudi. Usiipunguze mwendo kwa rezista wala kuibadilisha na ya volti ndogo. Sisi huku tuko juu. Kwenye mita 1,700 kama Mbeya, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15 hadi 17, maana yake feni ileile, kwa mzunguko uleule, inabeba joto pungufu. Baridi yetu inafidia mwezi wa sita na wa saba, lakini mwezi wa kumi mchana, vumbi likiwa limejaa kwenye vipoozeo, haifidii kitu. Kelele nyingi za pawasaplai hizi hutokana na upepo uliozibwa. Mlango wake wa kutolea hewa uangalie nje ya kasha moja kwa moja, usiwekewe wavu wa matundu madogo wala pambo la mbao, na upande wa kuingizia upate tundu lisilopungua ukubwa wa feni yenyewe. Vumbi lipulize kwa pampu kutoka nje, huku umeizuia feni kwa kijiti isizunguke. Ukishafanya hivyo, sauti itakayobaki ni ya kuvumilika, na ukianza kutoa video ya saa mbili itapanda tu. Iache ipande.

Kabla madabodi haijaguswa, ijaribu kwa balbu za taa kubwa za gari, zile za H4. Balbu ya volti 12 ya wati 55 inavuta ampea 4.6 hivi. Kuwa mwangalifu, maana Mafinga mko kwenye barabara kuu ya Zambia na maduka yenu yamejaa spea za malori. Balbu ya lori ni ya volti 24, itawaka hafifu, itavuta umeme kidogo, na utajidanganya kwamba pawasaplai imefaulu. Ziunge kwenye waya mpya za volti 12, mbili upande wa prosesa na moja upande wa bodi ndogo. Washa pawasaplai kwanza, ndipo uongeze balbu moja moja, kwa sababu uzi wa balbu ukiwa baridi unavuta umeme mwingi sana kwa kitambo na pawasaplai inaweza kujizima ikidhani kuna shoti. Ziache nusu saa. Zinachoma, kwa hiyo ziweke juu ya tofali. Kisha pima volti mwisho wa waya, pale madabodi itakapokaa: isishuke chini ya 11.4. Shika kila ungio kwa vidole. Lililo na joto kuliko waya wenyewe, likate ulirudie. Baada ya hapo chomeka bodi ndogo bila madabodi, pima chungwa, nyekundu na zambarau kwenye kebo ya pini 24. Nyekundu na zambarau zikae kati ya 4.75 na 5.25, chungwa karibu kabisa na 3.3. Kijani ukikigusisha mweusi ndipo chungwa na nyekundu ziamke. Zambarau iwe na volti muda wote.

Zikikubali, weka madabodi bila kadi ya grafiki kwa siku ya kwanza. Kadi ifuate kesho yake, na siku hiyo usiiache peke yake ikitoa video usiku.